Tumpeleke Mtoto Akasomee Vijidudu



Nimeomba nafasi katika gazeti letu hili, nami namshukuru Mhariri kwa kunipa. Sikuja kusema habari za bei, wala za magunia, wala za barabara za kutokea mashambani. Hayo yamekwisha semwa na wenye kuyajua kuliko mimi, na hapana shaka yatasemwa tena. Nimekuja kusema habari za kazi moja ambayo kwetu haina hata jina la kawaida, nayo ni kazi ya mtaalamu wa vijidudu, yaani mtu aliyesomea viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Wasomi huiita elimu hiyo mikrobiolojia.

Najua wengi mtauliza: mkulima wa karafuu na vijidudu, wapi na wapi? Hata mimi niliuliza hivyo hivyo. Basi nistahimilieni nieleze jinsi nilivyojibiwa.

Miaka mitatu iliyopita, katika shamba alilotuachia marehemu baba yetu, mkarafuu mmoja mkubwa ulio karibu na kisima ulianza kugeuka rangi. Ijumaa moja niliuona majani yake yamefifia kama ya mti ulionyimwa maji, na mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Ijumaa ya pili majani mengi yalikuwa chini. Kabla mwezi haujesha mti ulikuwa kuni. Mti ule aliupanda baba, na mimi, nikiwa mtoto, ndiye niliyemshikia mche alipokuwa akifukia udongo. Umetupa karafuu zaidi ya miaka arobaini. Ada za skuli za wadogo zangu zilitoka juu ya mti ule na wenzake.

Nilichimba mizizi, nikaitia pamoja na udongo wake ndani ya mfuko, nikaupeleka katika ofisi moja inayohusika. Nilipokewa kwa adabu. Niliandikwa katika daftari, nikaambiwa kuwa hapo hapana mtu wa kuichunguza mizizi ile, itapelekwa kwengine, nirudi baada ya mwezi. Nilirudi baada ya mwezi. Nilirudi tena baada ya miezi mitatu. Mara ya nne nilimkuta kijana mgeni, akanionyesha mfuko wangu pembeni mwa kabati, umefungwa vile vile nilivyoufunga kwa mikono yangu, na ndani mizizi imeoza. Simlaumu kijana yule, wala waliomtangulia. Hawakuwa na mtu wa kumpa mfuko ule, na wasiokuwa naye wangefanya nini? Tangu siku hiyo imekufa mikarafuu saba mingine katika shamba letu, na mpaka leo sijui ni kwa sababu gani.

Sasa sikilizeni la pili. Mwaka jana binti wa ndugu yangu alimaliza kidato cha sita, akafaulu vizuri masomo ya sayansi. Tukakaa barazani jamaa wote kumshauri. Kila mmoja wetu alikwisha mvisha moyoni mwake koti jeupe la daktari. Yeye akatwambia kuwa amechagua mikrobiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shangazi yake akauliza, "Ndiyo nini hiyo?" Akaeleza. Baraza zima likacheka. Mimi niliye mkubwa wao nikasema, "Mwanangu, watu husoma wapate kutibu watu. Wewe wataka kwenda kusomea wadudu?"

Akanijibu kwa adabu, macho yake chini: "Ami, ule mfuko wako wa mizizi, ungefunguliwa na daktari wa watu?"

Sikuwa na jawabu. Tangu siku ile nimejitia kusoma na kuuliza, na niliyoyapata ndiyo haya ninayowaletea.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Mtaalamu wa vijidudu huchunguza viumbe wa aina nyingi. Wako bakteria. Ziko kuvu, ambazo ukungu wa mkate na ukungu wa kuta zetu za masika ni katika jamaa zake. Viko virusi, vilivyo vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni. Baadhi yao ni maadui, na wengi ni rafiki. Bila ya vijidudu majani yanayoanguka chini ya mikarafuu yasingeoza yakawa mbolea, maziwa yasingeganda yakawa mtindi, na tui la jana lisingechacha. Mambo haya bibi zetu waliyajua kwa mikono, na mtaalamu huyajua kwa sababu zake.

Kazi yake haifanani na ya mganga wa kubahatisha. Mwanachuoni wa Kijerumani, Robert Koch, ambaye mwaka 1882 alitangaza kukivumbua kijidudu cha kifua kikuu, ndiye aliyeipa nguvu njia ya ushahidi inayofuatwa katika elimu hii. Nitaieleza kwa mfano wa mti. Kwanza umkute mtuhumiwa katika kila mti mgonjwa. Pili umtoe, umtenge peke yake na kumkuza pasipo kuchanganyika na mwengine. Tatu umtie katika mti mzima, na mti ule uugue ugonjwa ule ule. Nne umtoe tena katika mti huo, uhakikishe ndiye yeye. Hapo ndipo unapoweza kusema mbele ya watu: huyu ndiye muuaji. Kadhi gani anayetaka ushahidi zaidi ya huo?

Vijidudu hukuzwa katika visahani vyenye chakula kilichogandishwa kama jeli. Jeli hiyo huitwa agari, nayo hutokana na mwani, ingawa si ule mwani wanaoulima kina mama wa Paje na Jambiani. Zamani wataalamu walitumia jeli ya ngozi na mifupa ya wanyama, ikawa huyeyuka kwa joto, na vijidudu vyengine huila ikawa maji. Aliyewatoa katika taabu hiyo ni mwanamke, Fanny Hesse, mke wa daktari aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Koch. Mwaka 1881 alimshauri mumewe watumie agari, kwa kuwa yeye akiitumia jikoni kugandishia vitamutamu, naye alijifunza kwa jirani yake aliyewahi kukaa Java. Mpaka leo dunia nzima inatumia agari. Nayasema haya kwa wale wanaodhani kuwa elimu hii haina mlango wa kuingia mtoto wa kike.

MIKARAFUU YETU NA VIJIDUDU

Sisi wakulima wa karafuu tuna deni kwa watu wa kazi hii, na wengi wetu hatulijui.

Ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla ulikuwapo tangu zamani za babu zetu. Huchagua miti mikubwa, ile iliyo katika nguvu za kuzaa, ukaiacha michanga. Watu waliutafutia kila sababu: udongo umechoka, maji yamesimama, miti imezeeka, wengine wakasema husuda. Katika miaka ya 1940 serikali ya wakati ule ilileta watafiti, wakakaa na mikarafuu yetu miaka. Hata wao walikwenda njia zisizofika, mpaka wakashuku kuwa ni virusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wawili kati yao, F. J. Nutman na F. M. Roberts, wakaandika kuwa mkosaji ni kuvu, wakaipa jina Valsa eugeniae. Kuvu hii huanzia kwenye mizizi myembamba, ile inayonywa maji. Ndiyo maana mti hufa kwa kiu na mvua inanyesha. Niliposoma maneno hayo niliukumbuka mkarafuu wangu wa kisimani, nikauweka ukurasa chini.

Sisemi kuwa mkarafuu wangu uliuawa na kuvu hiyo. Huenda ndiyo, huenda siyo. Ushahidi ulioza ndani ya mfuko.

Watafiti hao hao walieleza pia ugonjwa wa matawi kukauka kutoka nchani kuja shinani, wakaiona kuvu nyengine inayouleta, Cryptosporella eugeniae. Hii hupenda kuingia kwenye jeraha. Na jeraha nani anayelifanya? Ni sisi wenyewe na wachumaji wetu, tunapovuta tawi kwa pupa mpaka likavunjika, tukaliacha linaning'inia. Mzee mmoja alizoea kuwakemea wachumaji wake akisema mti una roho. Tulimcheka, kumbe alikuwa na haki kwa sababu ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Tawi lililokauka likatwe chini zaidi ya pale palipougua, kwenye mti mzima, kisha lichomwe moto.

Tazameni na wenzetu wa Indonesia, ambao leo ndio wanaozaa karafuu nyingi kuliko nchi yoyote. Kule Sumatra na Java mikarafuu ilikufa kwa wingi kwa ugonjwa uliofanana kwa sura na wetu, na kwa muda watu walidhani ni ule ule. Wataalamu walipochunguza hawakukuta kuvu yetu. Walikuta bakteria wanaokaa katika mishipa ya maji ya mti, wanaochukuliwa kutoka mti hadi mti na mdudu mdogo anayefyonza, wa jamii ya Hindola. Bakteria huyo alipewa jina la kitaalamu mwaka 1990. Basi fikirini: miti miwili inakufa, majani yake yanaanguka namna moja, na mmoja umeuliwa na kuvu na wa pili na bakteria. Kinga ya huyu siyo kinga ya yule. Mkulima atajuaje kwa kutazama majani? Mtu anayeleta miche ya ng'ambo kwa mlango wa nyuma anaweza kutuletea msiba ambao hatuna mtu wa kuutambua.

Hata karafuu iliyokwisha chumwa haikusalimika na vijidudu. Kila mmoja wetu amewahi kuona karafuu mbichi iliyorundikwa usiku mmoja kwa sababu ya mvua au uvivu. Ukitia mkono ndani, pana joto kama mtu mwenye homa. Joto lile ni pumzi ya vijidudu vinavyokula na kuzaana. Asubuhi unaianika juu ya jamvi, lakini haiwi tena ile karafuu nyekundu yenye nguvu, inatoka imepauka na kunyauka, na mpimaji anaitupa daraja la chini. Tena siku hizi wanunuzi wa ng'ambo hupima viungo wajue kama vina vijidudu vya maradhi, mfano wa salmonela. Jamvi chafu na kuku wanaotembea juu ya karafuu si jambo la uchafu wa macho peke yake. Mzigo wote unaweza kurudishwa kwa ajili yake.

Na sasa nitawaambia lililonifurahisha kuliko yote. Mwaka 1884 daktari wa Kidenmark, Hans Christian Gram, akifanya kazi Berlin, alivumbua njia ya kuwatia bakteria rangi ili waonekane na kugawanywa. Hutiwa rangi ya zambarau, kisha madini ya joto, kisha hukoshwa kwa spiriti. Wako wanaoishika rangi, na wako wanaoiachia. Njia hiyo, ambayo sasa imerekebishwa kidogo, ndiyo anayofundishwa kila mwanafunzi wa vijidudu katika siku zake za mwanzo, dunia nzima. Basi katika njia yake ya asili Gram alimalizia kwa mafuta ya karafuu, ili vipande vya nyama alivyokuwa akivitazama viwe safi na viangaze. Wakati ule sehemu kubwa ya karafuu ya dunia ilitoka Unguja na Pemba. Karafuu yetu iliingia katika maabara ya vijidudu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na watoto wetu bado wako nje ya mlango.

SI KARAFUU PEKE YAKE

Mtu asidhani nataka watoto wote wakachimbe mizizi ya mikarafuu. Elimu hii ni pana. Hapa kwetu Pemba, pale Wawi, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa Kitaliana aliyechunguza vimelea. Humo huchunguzwa maradhi tunayoyajua kwa majina na kwa maumivu, kama vile kichocho. Mwaka 2009 watu wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu. Nyuma ya kazi kama hiyo wako watu wa maabara wanaosema kwa yakini kwamba huyu ana kipindupindu na huyu ni tumbo la kawaida.

Na muhogo je? Sote tuna muhogo kando ya mikarafuu. Ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaomfanya mama achimbe muhogo mzuri wa nje na kukuta ndani umeoza, ulielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi Amani, milima ya Usambara. Sasa inajulikana kuwa ni virusi na kuwa huchukuliwa na nzi weupe. Kwa kuwa wamejulikana, wataalamu wa mimea wameweza kutafuta mbegu zinazostahimili. Adui akijulikana hupangiwa vita.

Kuna maji ya visima na ya mifereji yanayotaka kupimwa. Kuna samaki na maziwa ya sokoni. Kuna hospitali, ambazo leo zinasumbuliwa na vijidudu vilivyozoea dawa, kwa sababu watu hununua dawa vidonge viwili na kuacha wanapopata nafuu. Mahali pote hapo anatakiwa mtu wa kazi hii.

NJIA YA MASOMO

Mzazi mwenye mtoto anayependa kuuliza "kwa nini" asingoje kidato cha sita. Mtoto ashike bayolojia, kemia na hisabati tangu mapema, asizikimbie kwa kuambiwa ni ngumu. Katika kidato cha tano achague mchepuo wa sayansi wenye bayolojia na kemia. Baada ya hapo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya mikrobiolojia, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kina shahada ya bayoteknolojia na sayansi za maabara. Shahada ya kwanza ni miaka mitatu. Anayetaka kuwa mtafiti ataongeza shahada ya pili, na pengine ya tatu, na hapo miaka itakuwa imekwenda. Asiyefika chuo kikuu anaweza kusomea stashahada ya maabara na akawa mtu wa maana sana, kwani mtaalamu asiye na fundi wa maabara ni kama nahodha asiye na mabaharia.

Na kabla ya vyeti, kazi inataka tabia. Inataka mtu safi wa mikono, mvumilivu, anayeandika kila alifanyalo siku hiyo hiyo, tena mkweli. Kijidudu hukua kwa wakati wake, hakiji kwa kuitwa. Mtu anaweza kungoja wiki mbili, kisahani kikaonyesha kuwa alikosea, akaanza upya. Asiyeweza kusema "nimekosea" asiende. Lakini mtoto aliyewahi kuchambua karafuu usiku, akitenga makonyo na karafuu moja moja mpaka gunia likajaa, huyo uvumilivu amekwisha ujifunza nyumbani.

YANAYOSEMWA KUIPINGA

Nimesikia hoja nne, nami nitazijibu bila ya kuficha.

Ya kwanza, ati kazi hii haina fedha. Ni kweli kwamba haitajiriki mtu kwa haraka, na nafasi za ajira si nyingi kama tunavyotaka. Mzazi anayemsomesha mtoto ili ajengewe ghorofa baada ya mwaka mmoja atafute njia nyengine. Lakini mshahara wa mtaalamu ni mshahara, na ujuzi huu unatakiwa hospitalini, kwenye maji, kwenye chakula, kwenye kilimo na vyuoni. Mlango mmoja ukifungwa iko mengine ya kubisha.

Ya pili, ati akisoma hatarudi. Hili linauma kwa sababu tumeliona. Lakini tujiulize, mtu hurudi kwenye nini? Akirudi akakuta chumba hakina hadubini, umeme unakatika na dawa za kupimia zimekwisha, tutamlaumu kwa kufuata kazi yake ilipo? Tukitaka arudi tumwandalie pa kukaa.

Ya tatu, ati ni hatari kushika vijidudu. Hatari ipo, kama ilivyo hatari kupanda mkarafuu wa futi arobaini kwa kamba, na sisi hupanda. Maabara ina kanuni zake: koti, glavu, kunawa, kuchoma kilichotumika, na vijidudu vikali hushikwa ndani ya makabati maalumu yanayovuta hewa. Anayefuata kanuni huwa katika amani kuliko mchumaji wetu.

Ya nne, ati wataalamu wa nje wanatutosha. Wageni wametufaa, na jina la Nutman na Roberts nimelitaja kwa shukurani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi tulipona kidogo. Lakini mgeni hana budi kwenda zake. Alipokwenda, elimu ikabaki katika vitabu vya ng'ambo, kwa lugha ambayo mzee wa shamba hasomi, na wajukuu wa miti aliyoichunguza wanakufa bila ya kuulizwa. Anayetakiwa ni mtu ambaye, mkarafuu ukifa Mtambile siku ya Jumatatu, Jumanne yuko chini yake na jembe, na anaweza kumwambia mwenye mti kwa Kiswahili kilichonyooka nini afanye na miti iliyobaki.

OMBI LANGU

Naomba mambo manne yafikiriwe katika mkutano wetu mkuu.

Kwanza, kila mwanachama atoe kilo moja ya karafuu kavu kwa msimu, au thamani yake, iwekwe katika mfuko wa kumsomesha mtoto mmoja kwa zamu elimu ya vijidudu vya mimea. Mtoto huyo ateuliwe kwa mtihani na kwa tabia, kutoka kwa mwanachama yeyote, awe wa kike au wa kiume, na aandikiwe mkataba wa kuja kufanya kazi visiwani miaka itakayokubaliwa. Bodi za mikopo zipo na zisaidie. Mfuko wetu uzibe pale mkopo usipofika, kama nauli, vitabu na chakula.

Pili, Jumuiya iwaandikie wakubwa wa kilimo kuomba kiwepo chumba kimoja, hata kidogo, chenye hadubini, jokofu na mtu, ambapo mkulima ataweza kupeleka mzizi na kupata jibu kwa maandishi.

Tatu, matawi yetu yaalike wanafunzi wa kidato cha nne kuja mashambani wakati wa mchumo. Waone mti mgonjwa kwa macho yao. Huenda mmoja wao akaondoka na swali lisilomwacha alale.

Nne, na hili halihitaji fedha wala mkutano: kila mmoja wetu awe na daftari. Mti ukifa, aandike tarehe uliyoanza kuugua, umri wake kwa kadiri, majani yalivyogeuka, miti ya jirani iliyofuata, na kama ni bondeni au kilimani. Mtaalamu atakapokuja, daftari hizo zitampunguzia miaka ya kazi. Mimi langu nimekwisha lianza, lina miti minane.

Isije ikasemwa kuwa nimeandika haya kwa ajili ya mtoto wa nyumbani kwangu. Nasema wazi: binti wa ndugu yangu asihesabiwe katika mfuko huo. Yeye tumemuuzia ng'ombe wawili na sehemu ya mazao ya msimu uliopita, na amekwisha ondoka. Tulimsindikiza bandarini Mkoani, na shangazi yake, yule aliyecheka barazani, ndiye aliyelia zaidi. Mkononi nilimpa mfuko mdogo wa mizizi kutoka mkarafuu wa nane, niliouzungusha karatasi safi kama alivyonielekeza mwenyewe. Nilimwambia, "Usihimize, mwanangu. Jifunze kwanza."

Atakaporudi, Mungu akipenda, nataka akute wenziwe wawili watatu, chumba cha kufanyia kazi, na mikarafuu iliyosimama ya kumngoja.

Wenu katika kazi,
Mwanachama wa Mkoani, Pemba